Gari Lililochemka Riyam

Sleyum bin Marhoon aliuona mvuke kabla hajaliona gari. Ulikuwa mvuke mweupe, mnene, unaotoka kwa vishindo kama mtu anayejizuia kucheka, ukapanda juu ya kona ya mwisho ya mlima wa Riyam, pale barabara itokayo Matrah inapokata roho kabla ya kuteremkia Maskat. Sleyum akafunika chupa yake ya chai, akafuta ndevu kwa kiganja, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyeletewa riziki mlangoni.

Ilikuwa mwisho wa mwaka sabini. Milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa miezi michache tu nyuma, na kila wiki meli na ndege zilishusha watu waliokuwa wametawanyika Kuwait, Dubai na Misri: watoto wa Kiarabu wanaoota kwa Kiswahili, wenye vyeti mikononi na hamu ya kwao. Wengi walikuja na magari. Magari yenyewe yalikuwa makuukuu, yamenunuliwa kwa pupa, na hakuna kati yao lililoulizwa kama linaupenda mlima wa Riyam.

Sleyum ndiye aliyewangoja kileleni. Alikaa kivulini mwa jabali, na madebe mawili ya maji na mfuko wa spana. Maji aliyatoa bure. Hapo ndipo mtu mwenye akili alipotakiwa aanze kuogopa.

Ufundi aliujua, tusimdhulumu. Alijifunza Unguja, katika gereji moja ya Darajani, tangu akiwa hajaota ndevu, na alipokimbilia Oman mwaka wa sitini na nne, alifika na nguo alizovaa na masikio yanayoweza kusikia valvu mbovu kupitia ukuta. Lakini kutengeneza gari kunachubua vidole, na kumtisha mwenye gari hakuchubui kitu. Kwa hiyo Sleyum alikuwa na kitambaa. Ndani ya mikunjo ya kitambaa hicho alipaka, kila asubuhi, mchanganyiko wa mafuta ya injini na maziwa mazito ya kopo. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakipitisha kitambaani kama anayekisafisha, na kijiti kikatoka na urojo wa rangi ya chai ya maziwa. Kila dereva amewahi kusikia kwamba mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini, na injini imepasuka. Waliobaki walielezwa na Sleyum, taratibu, mkono ukiwa begani. Baada ya hapo gari lilinunuliwa kwa bei ya chuma chakavu, na wiki ya pili yake lilionekana Matrah linang'ara, lina bwana mwingine.

Magari manne yalikwishapita mikononi mwake namna hiyo. La tano likimwendea vizuri, angejenga gereji ya matofali Wadi Kabir, mahali pa kibanda chake cha makuti, na kuandika jina lake juu kwa rangi nyekundu.

Alipoikata kona, alilikuta gari la Kiingereza, la kijivu, boneti imekwishainuliwa. Mbele yake alisimama mwanamke wa kiasi cha miaka thelathini, kajitanda buibui, kavaa miwani ya jua, na mkononi anao ukingo wa kanga aliouviringa kama mtu atakaye kushika sufuria ya moto. Kiti cha nyuma alikaa bibi mtu mzima, anajipepea kwa kipepeo cha ukindu.

"Salaam alaikum, mabibi. Usiufungue mfuniko huo, dada yangu, utaungua uso!"

"Alaika salaam. Sijaufungua," alisema yule mwanamke. "Nnausubiri upoe."

Kiswahili cha Unguja! Sleyum akatabasamu mpaka jino la mwisho. Hakuna anayetapelika kwa raha kama mtu wa kwenu.

"Subhanallah, watu wa nyumbani! Mimi Sleyum, fundi, mtoto wa Malindi. Na nyinyi?"

"Nasriya. Na huyu mama yangu, Bi Mahfoudha. Tunakaa Sidab."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu litazame hili jipu la chuma. Toka asubuhi linatoa moshi kama linavuta buruma."

Sleyum akainama juu ya injini. Jicho lake la kweli, lile la Darajani, likaona kila kitu mara moja. Juu ya injini, pale mpira wa rejeta unapoungana na kikombe cha aluminiamu ambamo thamostati hulala, palikuwa na ukoko mweupe kama chokaa. Kikombe kimeliwa na chumvi. Maji yalikuwa yakichuruzika kidogo kidogo, yakikaukia juu ya chuma cha moto kabla hayajadondoka, ndiyo maana hapakuwa na tone hata moja chini. Na thamostati yenyewe, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji, bila shaka kimegandia ndani. Kazi ya siku mbili, tatu, kwa mtu mwenye tupa na subira. Injini ilikuwa nzima kama yai.

"Rejeta mnatia maji gani?" aliuliza, akijifanya kuuliza tu.

"Ya kisima cha Sidab," alisema Nasriya. "Yana chumvi kidogo. Aliyeniuzia ndiyo aliyokuwa akitia."

"Aaa." Sleyum akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. Akachomoa kijiti cha mafuta, akakipitisha kitambaani, akakiinua juani. Kisha akasema, polepole:

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

"Kafa nani?" akashituka Bi Mahfoudha.

"Injini, mama."

"Basi si useme! Moyo wangu mie umeruka, nikadhani kuna mtu."

Sleyum akamweleza Nasriya. Akamwonesha urojo. Akaeleza bloku, ule mwili wa injini, ni nini, kupasuka ni nini, na kwamba ufa wa injini haushonwi Maskat, wala Dubai, labda Uingereza kwenyewe, na nauli ya meli peke yake inanunua gari jingine. Alisema kwa masikitiko mazuri kiasi kwamba alikaribia kuyaamini mwenyewe. Nasriya alisikiliza bila kukata neno. Alikichukua kijiti, akakitazama karibu, akapunga mkono kumfukuza nzi, akakitazama tena Sleyum alipogeuka kumwambia Bi Mahfoudha habari ya nyumbani, akakirudisha.

"Basi ndo hivyo," alisema mwisho. "Na mimi Jumamosi ijayo nilikuwa nna haja nalo."

"Haja gani, dada?"

"Nimepewa darasa la wasichana Maskat. Wapo tisa Sidab, baba zao wamekubali wasome kwa sharti moja: niwapeleke na kuwarudisha mwenyewe, ndani ya gari, mwalimu mwanamke. Bila gari hawatoki."

Ikumbukwe kwamba Sleyum alikuwa na moyo, na moyo huo ukamchoma, palepale, kwa muda wa kama pumzi mbili. Kisha ukapoa.

"Mimi nahurumia watu wa kwetu," alisema. "Maiti huyu hana kazi kwenu, lakini mimi naweza kumchana nikapata vipuri viwili vitatu. N'takupa riali thelathini, mpate japo nauli."

"Thelathini? Matairi tu yana zaidi."

"Matairi yamezeeka, dada."

"Hata wewe umezeeka na mama yako hakuuzi kwa thelathini," alisema Bi Mahfoudha kutoka nyuma.

Wakavutana. Sleyum akapanda mpaka arubaini, akajiapiza, akaondoka hatua tatu, akarudi. Nasriya hakusogea. Alipotaja sitini, alitaja kama mtu anayetaja jina lake, na Sleyum, aliyekuwa ameshalipiga rangi gari lile kichwani mwake, akakubali. Zilikuwa karibu riali zake zote.

"Lakini tuandikiane," alisema Nasriya. Akatoa daftari la mwalimu mkobani, akaliweka juu ya madigadi ya gari, akaandika. Aliandika Kiarabu, mwandiko uliopinda na kunyooka kama umechorwa, mistari saba bila kufuta hata herufi moja. Miaka mitano ya kusoma Misri haikuwa bure.

"Soma," alisema. "Au nikusomee?"

Hapa lazima jambo moja lisemwe kwa heshima. Sleyum aliujua msahafu, aliweza kuitamka herufi yoyote iliyowekewa irabu zake. Lakini Kiarabu cha kuandikiana, kile kisicho na irabu wala huruma, kilikuwa mbele yake kama safu ya sisimizi. Na Sleyum alikuwa radhi kufa kabla hajalisema hilo mbele ya mwanamke.

"Nisomewe mimi? Mwarabu, mtoto wa Mwarabu?" Akaishika karatasi, akapeleka macho kulia kwenda kushoto, akitikisa kichwa kila palipoonekana pana nukta nyingi. "Tamam. Tamam. Hapa umepaandika vizuri hasa."

"Una hakika?"

"Dada, hii ni karatasi safi."

Akatia saini, akamhesabia Nasriya riali sitini. Lori lililobeba tende likafika, dereva wake akateremka kuuliza kulikoni, naye akatia dole kuwa shahidi. Nasriya akanakili karatasi ya pili, zote zikatiwa saini, kila mmoja akashika yake. Kisha akamsaidia mama yake kupanda lorini, na Bi Mahfoudha akatoa kichwa dirishani.

"Litunze, mwanangu!"

"Kama roho yangu, mama!" alisema Sleyum, na lori lilipozama bondeni alicheka mpaka akakaa chini.

*

Alilingoja gari lipoe, akalijaza maji kwa madebe yake, akaliteremsha Matrah likijitiririkia lenyewe, kisha akalibembeleza mpaka Wadi Kabir, akisimama kila baada ya mwendo mfupi kulinywesha. Alipolitia kibandani, alikuwa amekwishamjua mnunuzi wake.

Mnunuzi alikuwa Thabit bin Mahfoudh, mfanyabiashara wa nguo na saruji, mtu mnene, mwenye kilemba cha bei na tamaa isiyo na bei. Aliishi Unguja miaka kumi, akinunua karafuu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimo, kikavu kidogo. Jirani yake alikuwa amenunua gari. Thabit alikuwa ameagiza lake kutoka ng'ambo, na lake lilikuwa bado lipo njiani, na jirani alikuwa kila jioni analipitisha la kwake mbele ya duka polepole, akipiga honi bila sababu. Thabit hakuwa analala vizuri.

Lakini kwanza gari lazima lipone, na hapo ndipo Sleyum alipopatwa na jambo asilolitarajia: aliipenda kazi.

Bolti mbili za kile kikombe zilikuwa zimegandana na kutu. Fundi mvivu angezivunja. Sleyum alizitia mafuta, akazipiga nyundo ndogo ndogo kichwani, akazipasha moto, akaziongelea, na siku ya pili zikakubali kutoka, nzima. Alipokivua kikombe, nusu ya shingo yake ilibaki vumbi mkononi. Thamostati aliitumbukiza katika birika la maji yanayochemka juu ya mkaa, akaitazama kama anayengoja yai liive. Haikufunguka hata upana wa unywele. Akaitupa.

Akatafuta kikombe kingine Matrah nzima, hakuna. Akaenda kwa miguu mpaka Ruwi, karibu na uwanja wa ndege, kwenye lori la zamani lililokufa na kuachwa mchangani, akakikuta kimoja cha shaba, kinene, chenye matundu ya bolti yaliyo mbali kidogo kuliko yanavyotakiwa. Akayatanua kwa tupa. Uso wake wa chini ulikuwa umepinda, akautandikia msasa juu ya kioo cha dirisha, akausugua kwa mizunguko mia, akageuza, mizunguko mia nyingine, mpaka aliponyoosha rula juu yake na mwanga haukupita. Gasketi, ile karatasi nene ya kuzibia kiungo, aliikata katika boksi la biskuti, akaipaka grisi. Thamostati mpya aliipata kwa Mhindi mmoja wa Matrah, nayo akaichemsha kwenye birika kabla ya kulipa, wateja wengine wakimtazama, na ilipofumbuka kama jicho akapiga kofi mapajani. Rejeta akaiosha kwa magadi mpaka ikaacha kutapika tope, mipira akaibadilisha, na maji akayafuata kwenye falaji, ule mfereji wa maji ya mlimani, matamu, hayana chembe ya chumvi.

Siku ya tano aliwasha injini, akaiacha inanguruma saa nzima huku amekaa juu ya debe, mikono imechubuka kila kidole. Sindano ya joto ikapanda mpaka katikati, ikasimama hapo kama mlinzi. Hapakuwa na tone. Hapakuwa na mvuke. Sleyum alijisikia raha ambayo hakuijua jina lake, akaidhania ni raha ya pesa zitakazokuja.

Siku hiyo hiyo alasiri alilipeleka kwa Thabit, Matrah.

Barazani kwa Thabit walikuwepo wazee watano wanakunywa kahawa. Gari lilisimama mbele yao likikoroma kama paka aliyeshiba. Thabit akalizunguka, akapiga teke tairi, akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena ili jirani aone.

"Linachemka?"

"Ami Thabit, hili hata ukilipeleka Nizwa kiangazi halichemki. Weka mkono hapa, kwenye kikombe hiki. Shaba hii! Nimeisugua mwenyewe."

"Bei?"

"Mia mbili na hamsini, kwa kuwa ni wewe."

Thabit alimeza mate. Alikuwa tayari kulipa hata mia tatu, na macho yake yalilisema hilo wazi, lakini alikuwa pia mfanyabiashara. "Gari ni lako?"

"Karatasi hii hapa, imetiwa saini na ina shahidi." Na Sleyum akaitoa kifuani kwa madaha ya mtu anayetoa hirizi ya dhahabu.

Thabit akavaa miwani. Akasoma mstari wa kwanza, akainua nyusi. Akasoma wa pili na wa tatu. Midomo yake ikaanza kucheza. Akamtazama Sleyum, akarudi kwenye karatasi, akamalizia, kisha akasema:

"Hii umeisoma?"

"Herufi kwa herufi."

"Sawa. Basi niruhusu niwasomee na wazee." Akakohoa, akasoma kwa Kiarabu, na kila mstari akautafsiri kwa Kiswahili, kwa faida ya wote, na kwa faida ya Sleyum hasa. "'Mimi Sleyum, fundi, nimepokea kwa mkono wangu gari la Bi Nasriya bint Mahfoudh wa Sidab, ili nilitengeneze lisivuje wala lisichemke.' Mahfoudh! Anaweza kuwa ni jamaa yangu huyu. 'Nimemwekea riali sitini ziwe dhamana yangu. Nikimrejeshea gari lake likiwa zima, atanirudishia dhamana, na juu yake ujira wa kazi. Nikijaribu kumwuzia mtu mwingine, dhamana na ujira vyote si vyangu tena, na yeyote asomaye karatasi hii ni shahidi juu yangu.'"

Mzee mmoja akaweka kikombe chake cha kahawa chini, taratibu, ili asipitwe na chochote.

"Umeniambia bei gani vile?" aliuliza Thabit.

Sleyum alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. "Ami Thabit, hapo kuna kosa la mwandiko."

"Wallahi hakuna. Sijaona mwandiko kama huu tangu baba yangu afe." Thabit aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwake. Alikuwa amekosa gari, lakini alikuwa amepata hadithi, na hadithi hiyo ingemtosha mpaka gari lake literemke melini. "Yallah, washa. Tumrudishie mwenyewe. Mimi nakaa mbele."

*

Sleyum hakuwahi kuendesha safari ndefu kama ile, ingawa Sidab haiko mbali. Thabit alicheka kutoka Matrah mpaka chini ya mlima wa Riyam. Walipoanza kuupanda akanyamaza, akawa anaitazama sindano ya joto. Gari likapanda kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sindano haikutikisika. Kileleni kabisa Thabit akasema, kwa sauti nyingine: "Lori langu hapa huwa linazimika."

Sleyum alikuwa akifikiria kufungua mlango na kujitupa.

Nasriya alikuwa uani kwake, anaandika majina ya wanafunzi katika daftari. Bi Mahfoudha alikuwa anachambua mchele. Waliposikia gari, hakuna aliyeshangaa.

"Karibuni," alisema Nasriya. "Umewahi, fundi. Nilidhani litakuchukua mpaka Ijumaa."

Thabit hakungoja kukaa. Alisimulia yote: bei, baraza, wazee, uso wa Sleyum. Aliiga hata sauti. Nasriya alimsikiliza mpaka mwisho, na tabasamu lililokuwa usoni mwake lilipungua kadiri hadithi ilivyoendelea. Akaingia ndani, akatoka na bahasha mbili.

"Hii ina zile sitini zako," alimwambia Sleyum. "Na hii ni ujira. Niliziweka tayari tangu siku ile. Ungelileta kwangu moja kwa moja, zote zilikuwa zako."

Sleyum alizitazama bahasha zile mkononi mwa Nasriya, kisha zikarudi ndani, na mlango wa chumba ukafungwa. Nyuma ya mlango ule ilibaki gereji yake ya matofali.

"Ulijuaje?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua kweli, kama fundi anayeuliza fundi.

"Nzi," alisema Nasriya.

"Nzi?"

"Nzi watatu walitua juu ya kijiti chako. Nzi hawali mafuta ya injini. Ulipogeuka kumwambia mama habari ya nyumbani, nikagusa kidogo nikaonja. Nimeyanywa maziwa yale ya kopo miaka mitano katika chumba cha wanafunzi, ningeyajua hata usingizini."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje? Nilimwendea fundi wa Matrah, akanambia nisubiri mwezi. Wa pili akataka nimwachie gari bila karatasi. Halafu akaja mtu aliyeliona tatizo kwa kutazama mara moja, maana macho yako yalikwenda moja kwa moja kwenye kile kikombe cheupe kabla hujaanza uwongo wako. Nikasema, huyu anajua. Huyu, akidhani gari ni lake, atalitengeneza kama lake."

Bi Mahfoudha akapeta mchele. "Mie ningekuandikia themanini," alisema.

Nasriya akaenda kulikagua gari. Akainua boneti, akaweka kidole juu ya ile shaba, akakizungusha kwenye kiungo, kikatoka kikavu. "Hii umeipata wapi?"

Na hapo Sleyum, aliyetapeliwa mbele ya mashahidi, ambaye alipaswa kuinamisha kichwa na kwenda zake, alishindwa kujizuia. Akamwambia habari ya lori la Ruwi. Akamweleza matundu yalivyokuwa mbali, na mizunguko mia juu ya kioo, na rula, na boksi la biskuti. Akamwonya asitie tena maji ya kisima. Akamwonesha namna ya kuangalia ukoko mweupe kila mwezi, aukwangue ungali mchanga. Akaongea karibu nusu saa, mikono ikipaa hewani, na Nasriya akauliza maswali mazuri, na Thabit, nyuma yao, akasikiliza bila kucheka hata mara moja.

"Umefanya kazi nzuri sana," alisema Nasriya mwisho, akafunga boneti. "Nakushukuru."

Ndiyo malipo aliyoyapata. Alirudi Matrah kwa miguu, jua likimpiga kisogoni, na njia nzima alijaribu kukasirika vizuri, akashindwa, maana kila alipoikumbuka ile shaba mkono wake ulitaka kuigusa tena.

Asubuhi ya pili yake alikuwa amelala kibandani, Wadi Kabir, amejifunika shuka mpaka kichwani, ameazimia kuondoka Maskat na kuanza upya mahali ambapo watu hawajui kusoma, alipoamshwa na mlio wa injini inayosongwa. Akatoa kichwa. Nje lilisimama lori la saruji, linatoa mvuke. Nyuma ya lori palikuwa na gari dogo la mmoja wa wale wazee watano, na nyuma yake jingine asilolijua. Thabit akateremka lorini akijifuta jasho. Nyuma yake wakateremka wazee wawili, wenye bakora, waliokuja kwa hiari yao kushuhudia.

"Sikulala," alisema Thabit. "Nimeikumbuka ile sindano usiku kucha. Njoo ulitazame hili. Linavuja, halivuji, sijui. Maji yanakwisha na chini pakavu."

Sleyum akasogea, akainua boneti. Jicho la Darajani likaenda lenyewe. Mpira wa chini wa rejeta, kifungo chake kimelegea. Kukaza tu. Hata spana kubwa haikuhitajika.

Akamtazama Thabit. Uso mnene, umejaa wasiwasi, mkono tayari uko mfukoni. Hakuwahi kuona mtu aliyeiva namna ile. Akaliona neno zima likipanda kooni mwake: bloku, ufa, Uingereza, meli. Akafungua mdomo. Wazee wakasogea hatua moja mbele, wakaegemea bakora, wakamtazama kwa utulivu mkubwa.

"Itachukua muda?" aliuliza Thabit.

Sleyum akaufunga mdomo, akaufungua, akaufunga tena. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Dakika tano," alisema, na baadaye maisha yake yote aliapa kwamba hakuna jino alilong'olewa lililomuuma kama maneno yale mawili.